Uliona au Uliambiwa?

Katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara, kama katika kata nyingine nyingi za mkoa wa Kagera, ugomvi wa mpaka wa shamba huletwa mbele ya wazee wa baraza, nao, kabla ya kumsikiliza shahidi kwa yale anayoyajua, hutaka kwanza kufahamu ameyajuaje: aliuona kwa macho yake mche wa mpaka ukipandwa, au aliambiwa na marehemu baba yake, au anakisia tu kwa kuwa migomba ya upande huu ni mikongwe kuliko ya upande ule. Majibu yote matatu hupokewa, wala hapana anayetahayarishwa kwa kusema kwamba aliambiwa; anayeharibikiwa ni yule aliyeambiwa akadai ameona, maana akigunduliwa katika hilo moja, hata yale aliyoyaona kweli hayasadikiwi tena. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 imeiweka hekima hiyo katika maandishi, tena kwa ukali zaidi: ushahidi wa mdomo sharti uwe wa moja kwa moja, na kama jambo ni la kuonekana kwa macho, basi alitolee ushahidi yule aliyeliona.

Nasikitika kwamba adabu hii, ambayo mkulima asiyejua kusoma huishika mbele ya baraza, aghalabu huachwa mlangoni na mtu aliyesoma mara tu anapoketi kuandika. Mimi mwenyewe nilipata kuiacha. Nikiwa kijana niliandika kwamba kilima fulani cha kwetu hakikuwa na wakazi kabla ya vita vya Wajerumani, na bibi mmoja mwenye umri mkubwa, aliposomewa maneno hayo, akaniuliza, "Mwanangu, uliona au uliambiwa?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeona wala sikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimepata sentensi yenye sauti nzuri, nikaiandika kwa kuwa ilipendeza. Nimelichukua swali lile tangu siku hiyo, na leo nataka kuwapa vijana wanaoandika habari, historia, insha na mawazo yao wenyewe, kwa kuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba mwandishi humwekea msomaji amana mbili, wala si moja: amana ya jambo lenyewe, na amana ya kiasi cha hakika aliyo nayo juu ya jambo hilo.

Mtu atokaye Mabawe akaelekea Rusumo hufika mahali ambapo mito miwili inakutana: Ruvubu, utokao Burundi ukapita katika ardhi yetu ya Ngara, na ule utokao Rwanda, uitwao Nyabarongo huko juu na Akagera huko chini. Baada ya kukutana, maji hayo huporomoka kwa kishindo, yakaendelea kwa jina la Kagera hadi kumwagika katika Nyanza, ziwa ambalo ramani huliita Victoria. Maneno mengi ya yakini yameandikwa juu ya maji haya, na wengi wa walioyaandika hawakuwa na haki kamili ya yakini hiyo. Kwa ajili hiyo nayachukua kuwa somo letu.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, aliyemwacha mwenzake Richard Burton huko Kazeh, yaani Tabora, aliliona ziwa hilo kutoka kilimani karibu na Mwanza. Habari zake alikwisha kuzipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu wa Kazeh, mmoja wao akiwa Snay bin Amir, waliosimulia kwamba ziwa la kaskazini ni kubwa kuliko Tanganyika. Speke alikaa pale siku chache tu. Alichemsha maji akapima joto lake, maana kadiri mahali panavyokuwa juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, akapata kwamba ziwa liko kiasi cha futi 3,700 juu ya bahari. Akauliza wenyeji mwisho wa ziwa uko wapi, wasijue. Kisha akarudi Kazeh akiwa na hakika moyoni kwamba amekwisha kukiona chanzo cha Naili, kitu kilichotafutwa na wanazuoni wa ulimwengu tangu zama za Wayunani.

Tufanye kama wazee wa baraza, tuyatenganishe maneno yake. Alichoona kilikuwa hori ya kusini na visiwa vyake. Alichopima kilikuwa kimo cha ziwa. Alichoambiwa kilikuwa ukubwa wake. Mengine yote, yaani maji yanayoenea maili zipatazo mia mbili kuelekea kaskazini na mto unaotoka huko mwisho, yalikuwa kisio, tena kisio zuri lenye hoja nyuma yake. Lakini Speke hakulitamka kama kisio. Burton alipokataa kulisadiki alikuwa na haki, kwa kuwa alidai dalili mahali ambapo hakuonyeshwa ila moyo wa mtu mwingine ukiwaka.

Walakini tusimpe Burton ushindi upesi, maana naye alianguka katika shimo la upande wa pili, na shimo hilo ndilo waandishi wetu wasomi hulisahau. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wa 1858 wawili hao walikuwa wamefika Uvira, kaskazini ya Tanganyika, kuutafuta mto Rusizi, wakitumaini kwamba unatoka ziwani kwenda kaskazini. Hawakufika mdomoni mwake, ila wana wa mtemi wa Uvira waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Huo ulikuwa ushahidi wa watu wa mahali penyewe. Hata hivyo mwaka 1864, wakati Speke alipokwisha kufariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni, siku moja kabla ya mjadala wao uliopangwa kufanyika mjini Bath tarehe 16 Septemba, Burton alichapisha hoja kwamba maji ya Tanganyika yanakwenda kaskazini kuelekea Naili. Shaka yake juu ya Speke ilikuwa imegeuka kuwa yakini ya kwake mwenyewe, na wale mashahidi wa Uvira wakawekwa kando kwa sababu hawakumfaa. Novemba 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mdomo wa Rusizi, wakayaona maji yakiingia ziwani kama walivyosema wale vijana.

Iko habari moja zaidi ya safari ile ya Burton na Speke ambayo napenda kila mwandishi aijue. Kwa njia ileile ya kuchemsha maji, Tanganyika lilipimwa likaandikwa kuwa liko kiasi cha futi 1,850 juu ya bahari, na kipimo hicho kilikuwa na kosa la zaidi ya futi mia sita, ilhali kile cha Nyanza kilikaribia sana ukweli. Msomaji aliyepewa tarakimu hizo mbili, zote zimeandikwa kwa namna moja na kwa uthabiti mmoja, angejuaje ipi ya kuiegemea? Tarakimu haina uso wa kuona haya. Anayeiandika ndiye apasaye kusema imetoka katika chombo gani na chombo hicho kiliaminika kadiri gani.

Speke alirudi Afrika, akakaa kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, akauvuka Kagera, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama Jinja, akayaona kwa macho yake maji yakitoka ziwani. Lakini hakuufuata mto hatua kwa hatua; aliacha pinda kubwa nyuma yake bila kuliona, na bado mwaka 1863 akapeleka habari Uingereza kwamba suala la Naili limekwisha. Halikwisha mpaka Stanley alipolizunguka ziwa zima mwaka 1875. Speke alisibu, na kwa kuwa alisibu watu wengi husema kwamba alikuwa na haki ya kunena kama alivyonena. Mimi sikubali. Kusibu ni jambo moja, na kuwa na haki ya sauti ya yakini ni jambo jingine. Atupaye jiwe gizani akampiga nyoka hakuwa ameona nyoka. Lau angaliandika: "Nimeona upande wa kusini, nimepima kimo, ukubwa nimeambiwa na watu ninaowaamini, na kwa hayo nakisia kwa nguvu kwamba Naili hutoka humo, ila sitakuwa na yakini mpaka mtu auone mto ukitoka kaskazini na aufuate," asingalipungukiwa na sifa hata chembe, na ugomvi uliompotezea rafiki huenda usingalitokea.

Baada ya hapo walikuja watu wakauliza: haya, Nyanza ni chanzo, lakini Nyanza lapata wapi maji yake? Ndipo macho yakageukia mito yetu. Oscar Baumann, Mwaustria, aliufuata Ruvubu mwaka 1892 akatangaza kwamba amekifikia chanzo cha Naili. Richard Kandt, Mjerumani, akakitaja katika mto Rukarara, Rwanda, mwaka 1898. Na katika miaka ya 1930 Burkhart Waldecker akakitaja Burundi ya kusini, ambako piramidi ndogo ya mawe ilijengwa mahali hapo. Hapa ndugu msomaji ataona shaka ya jinsi nyingine kabisa, isiyoondolewa kwa kutembea wala kwa kupima. Anayetaka chanzo kilicho kusini kuliko vyote atakwenda Burundi. Anayetaka mkondo mrefu kuliko yote atabishana juu ya vijito vya Rwanda. Na anayeridhika na ziwa atabaki Jinja. Maji hayana shaka yoyote. Shaka imo katika neno "chanzo". Mara nyingi tunapobishana juu ya mawazo, kama vile "maendeleo", "mila" au "elimu bora", tunafanya kama wale wasafiri: kila mmoja ana yakini, na kila mmoja anasema juu ya mto wake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba una hakika, eleza istilahi yako maana yake nini. Huenda nusu ya ubishi ikafa hapohapo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida.

Lugha yetu haikutunyima vyombo vya kazi hii. Ulamaa wa pwani walirithi katika elimu ya dini daraja tatu za yakini: ilmu ya yakini, ambayo ni ya kujua kwa habari na dalili, aini ya yakini, ya kuona kwa jicho, na haki ya yakini, ya kuingia katika jambo lenyewe. Aliye mbali akasikia ngurumo za Rusumo anajua kwamba yako maporomoko. Aliyesimama ukingoni ameyaona. Aliyelowa maji yake hahitaji kuambiwa. Wanazuoni wa Hadithi nao hawakuridhika kuuliza maneno ni yapi, bali walitaka sanadi, yaani fulani kapokea kwa nani, na huyo kwa nani, hata mwanzo. Kisha wakaipa kila riwaya cheo chake, sahihi, au hasani, au dhaifu, wala hawakuitupa dhaifu kila mara, ila walisema kwamba ni dhaifu. Na sheikh aliyemaliza kutoa jibu lake akaandika chini yake "Wallahu aalam", yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi, hakuwa anajitoa katika jibu. Alikwisha kulitoa lote kwa hoja zake, kisha akakiri mpaka wa elimu yake.

Katika maneno ya kila siku, mimi huyapanga hivi, na mwingine aweza kuyapanga vingine: "nina yakini" naliweka kwa lile nililoliona au kulithibitisha kwa njia zaidi ya moja, "naamini" kwa lile ambalo hoja zake zimenitosha lakini mwenye akili aweza kunipinga, "nadhani" kwa lile linaloelekea upande mmoja, "nakisia" kwa lile lenye dalili chache, "yamkini" au "huenda" kwa lile lisilozuilika tu. Usiyachanganye kwa ajili ya kupamba sentensi. Mwandishi akitumia "nadhani" katika kila mstari, hata pale anapojua kabisa, neno hilo hufa mkononi mwake, na siku atakapodhani kweli hatakuwa na namna ya kutuambia.

Yapo pia maneno ya kuogopwa. La kwanza ni "inasemekana", ambalo ni kauli isiyo na mwenyewe. Nani amesema, lini, naye alijuaje? Ukimjua msemaji mtaje, na kama kumtaja kutamdhuru, sema basi ni mtu wa namna gani: mkulima, mganga, dereva wa lori, mwalimu mstaafu. Ikiwa hakuna msemaji unayemkumbuka, hapo hapana habari ya kuandika. Ndugu yake ni "wataalamu wanasema", lenye joho la elimu mabegani na hali moja na la kwanza. La tatu ni "bila shaka", ambalo nimegundua kwa kuhakiki maandiko mengi, yangu yakiwemo, kwamba hutumika mahali penye shaka hasa. Mtu hasemi kwamba bila shaka jua hutoka mashariki, bali husema kwamba bila shaka wazee wetu walifanya hivi na hivi, naye hana shahidi. Kila ulipoliandika, lifute, usome tena. Kama sentensi imedhoofika, basi lilikuwa gongo la kuegemea.

Walio na shaka kwamba daraja za hakika zaweza kupangwa na kufuatwa na watu wengi, waangalie Kabanga, humuhumu wilayani Ngara, ambako nikeli imetafutwa ardhini tangu miaka ya 1970, na ambako Serikali ilitia saini makubaliano na wawekezaji Januari 2021, ikabaki na hisa za asilimia 16. Mwamba haufunguliwi ukaonekana wote. Wanaochoronga hutoboa mashimo, wakatoa vipande vya mwamba, wakavipima maabara. Pale mashimo yalipo machache na yameachana mbali, sheria za taaluma yao zinawataka waseme kwamba madini hayo yamekisiwa; mashimo yakiongezeka na kukaribiana, madini huwa yameashiriwa; yakiwa mengi kiasi cha kutosha kuthibitisha umbo na kiasi, ndipo husemwa yamepimwa. Tani za daraja la kukisiwa hazichanganywi na tani za daraja la kupimwa kana kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu fedha za watu hufuata maneno hayo. Mwaka 1997 ulimwengu uligundua kwamba dhahabu ya Busang, huko Indonesia, iliyonadiwa na kampuni ya Bre-X ya Kanada, haikuwepo, sampuli zikiwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingine. Na baada ya hasara hiyo Kanada ikakaza kanuni zake za namna ya kutaja hakika ya madini. Basi wachimbaji wamelazimishwa na sheria kufanya lile ambalo mwandishi wa mawazo hufanya kwa dhamiri yake peke yake. Nami napenda kila unapoandika hoja ujiulize: nimetoboa mashimo mangapi? Mtu aliyezungumza na majirani wawili juu ya mnyauko wa migomba asiandike wakulima wa Kagera wanaonaje; aandike "majirani wawili waliniambia", na hiyo itakuwa habari ya kweli na yenye manufaa, kwa kadiri yake.

Sitaki hata hivyo mtu aondoke hapa akidhani kwamba nausifu woga. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa wingi usiopata kuonekana, na idadi iliyotangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi ilikuwa takriban robo milioni katika muda wa saa 24. Hilo lilikuwa kisio, wala halikuweza kuwa kitu kingine, maana umati wenye mafurushi vichwani na watoto migongoni hauhesabiki kama magunia ya kahawa. Fikiri sasa kama aliyepaswa kuandika angalisema kwamba hawezi kutaja idadi mpaka apate hesabu kamili: mahindi, maharage na mahema yangaliagizwa kwa watu wangapi? Na kama angaliandika tarakimu yenye mamoja na makumi ndani yake, angalidanganya kwa usahihi wa uongo. "Takriban robo milioni" lilikuwa neno lenye adabu zote mbili: lilisema, na lilikiri. Mwenye elimu anayenyamaza kwa kuogopa kukosea, au anayezungusha maneno hata msomaji asijue anasimama upande gani, humnyima mwenzake kitu alichonacho. Nami naihesabu hiyo kuwa dhuluma sawa na ile ya kujitapa.

Kwa mwenye kuandika mawazo yake hasa, yasiyo habari ya jambo lililotukia, nina shauri moja ambalo limenifaa kuliko mengine. Ukimaliza makala, chukua kalamu ya rangi nyingine, upige mstari chini ya kila uliloliona au kulipima, na mstari wa vitone chini ya kila uliloambiwa au kulisoma. Yasiyo na mstari ni hoja na makisio yako. Utashangaa jinsi sehemu isiyo na mstari ilivyo kubwa. Hapana ubaya kuwa kubwa, kwa kuwa mtu anayefikiri lazima apite mbele ya aliyoyaona. Bali hakikisha msomaji anauona mpaka pale unapouvuka, kwa neno moja tu: "kwa hayo nahisi," "hivyo naona". Kisha ongeza sentensi inayotaja ni jambo gani, likionekana kesho, litakufanya uache rai yako. Ukikosa jambo lolote la namna hiyo, jua kwamba hukuandika rai, umeandika mapenzi yako. Nayo yana nafasi yake, ila uyaite kwa jina lake. Na ikitokea kwamba umekosea, rudi useme palepale uliposema mwanzo, kwa sauti ileile, ulilosema ni lipi na sasa unaona lipi.

Wako katika Mabawe na kata jirani za Ngara watu waliokuwa watu wazima ile Aprili ya 1994, na wengine wao sasa ni wazee sana. Nawaomba vijana wenye daftari na kalamu waende wakaketi nao kabla hawajaondoka, wakaandike katika ukurasa wa kushoto mambo wazee hao waliyoyaona na katika ukurasa wa kulia waliyoambiwa, na chini yake waandike jina la aliyesema, kama ameridhia, na tarehe ya siku aliyosema.